Mpwa Wangu Alikuwa Anafikiri

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tingatinga, ndivyo mtaa mzima unavyoniita.
Umri: miaka hamsini na mbili kwenye kitambulisho, nguvu za thelathini.
Kazi: fundi wa kuchomelea milango na mageti.
Makazi: nyuma ya karakana yangu.

Afande, nasema niliyoyaona kwa macho haya mawili, ambayo hayajawahi kuvaa miwani hata mbele ya moto wa kuchomelea.

Binti mnayemshikilia ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Yeye na wenzake wawili wanaunda programu za simu, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Hii ya sasa ni ya watu wanaoishi peke yao. Mtu asipotikisika saa nzima, simu inamuuliza, "Upo?" Asipojibu, inawapigia polisi na ndugu yake wa karibu. Ofisini kwao wana sharti: hawamuuzii mtu kitu ambacho wao wenyewe hawajakitumia. Kwa hiyo wote watatu wamejiwekea. Ndugu wa karibu wa mpwa wangu ni mimi.

Mnamo tarehe kumi na mbili mwezi huu, saa nane mchana, nikiwa karakana, simu ililia. Sauti ikasema mpwa wangu hatikisiki. Nilitupa chuma kikiwa bado chekundu, nikakimbia. Pikipiki zilinipisha. Dereva mmoja alipiga kelele, "Mzee, hiyo injini umeitoa wapi?"

Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Niliuchomelea mimi mwenyewe, chuma kitupu, tembo angeuona akarudi kwao. Niliita, kimya. Nikaupiga bega. Mara ya pili ukaangukia ndani pamoja na fremu yake.

Mpwa wangu alikuwa peke yake, wenzake wametoka kula. Ameketi mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, mkono shavuni. Akageuka.

"Mjomba, mbona umekuja na mlango?"

"We mtoto, u mzima?"

"Nilikuwa nafikiri tu."

"Saa nzima hujatikisa hata ukope?"

Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akaanza kucheka. "Mjomba, hiyo saa moja tuliipata kwa kuwapima wazee. Hatukujipima sisi tukiwa kazini."

Nikamwambia, "Mkiwa kazini hamna tofauti na maiti."

Alikuwa anacheka huku anaandika kwenye kompyuta askari walipoingia. Walikuta mlango chini na mgonjwa hayupo. Wakamchukua kwa kutoa taarifa ya uongo.

Afande, uongo uko wapi? Simu ilisema hatikisiki, na kweli hakuwa anatikisika.

Dada yangu alianguka jikoni jioni. Alipatikana asubuhi. Siku ile simu yangu haikulia.

Safari hii ililia, nikafika, nikamkuta anacheka. Kama hilo ni kosa, niandike mimi, umwache mtoto aende akamalize kazi yake.

Yangu ni hayo, nimeyasema kwa hiari na bila kutia chumvi.

Sahihi: (dole gumba la kulia)

MAONI YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali, ila ametaka "mara ya pili" isomeke "mara ya kwanza". Taarifa iliyopigwa na simu haikuwa ya uongo. Binti ameachiwa. Nimekagua mlango. Haukuwa na kufuli wala komeo. Unafunguka kwa kuvuta. Shahidi, ambaye ndiye aliyeutengeneza, amesema atakuja kuandika jambo hilo mlangoni kwa rangi.