Wimbo Ulioimbwa Kwenye Maharage

Mchumba wangu Neema,

Pokea salamu za babu yako, mzuri kuliko wavulana wote wa Mwanza. Bibi yako mzima, ng'ombe kazaa, na hapa Ganako mvua imetosha.

Unauliza utachaguaje wimbo wa kufundisha kwaya ya usharika. Hapo umemuuliza bingwa! Mimi wa darasa la nne niliwahi kutunga wimbo wa beti tisa, nikampelekea Mwalimu Rehema wa kwaya yetu. Nilijua Jumapili ni yangu. Akatufundisha huo pamoja na mmoja wa zamani wa kitabuni, kisha akatupeleka Qurus kumng'olea mjane maharage.

"Tuimbe upi, Mwalimu?"

"Ng'oeni maharage, nyie."

Mwalimu yule alikuwa na akili! Alitaka wimbo unaomjia mtu wenyewe akishachoka. Jua likatuchoma, migongo ikauma, mmoja akaanzisha, wote tukapokea. Ulikuwa ule wa kitabuni. Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwana mtunzi, hata wewe?"

Maana aliyeanzisha nilikuwa mimi.

Wangu nimeshausahau. Ule mwingine nitakuimbia ukija likizo.

Babu yako, besi namba moja.