Paja la Haji

Jumapili, 11 Januari
Barafu, kuchua, bandeji. Barafu tena. Paja la kulia la Haji, mshambuliaji wetu, msuli ule ule wa nyuma, mara ya tatu tangu msimu uanze. Kacheza mechi nne tu. Mshahara wake unaipita mishahara ya mabeki wote ikijumlishwa, na kila anayeingia chumba changu cha matibabu hunikumbusha, utadhani naulipa mimi. Lakini mimi ndiye niliyemleta nchi hii. Nilimwona Unguja nilipokwenda harusi ya jamaa, nikampima viungo mwenyewe, nikaiambia kamati ya klabu hana kasoro.

Jumatatu, 12 Januari
Mwenyekiti kaniita. Kuna beki anasubiri nafasi ya mchezaji wa kigeni, na nafasi yenyewe anayo Haji. Kocha hataki kusikia. Anasema mechi nne zile ndizo pekee tulizoshinda, na ni kweli. Mwisho wamekubaliana hivi: Alkhamisi ya wiki ijayo kuna mechi ya kirafiki. Haji akimaliza dakika tisini, anabaki. Asipomaliza, anarudishwa kwao.
Msuli huu unataka wiki tatu. Nimepewa siku kumi. Nikaitikia inshallah kama mpumbavu.

Jumatano, 14 Januari
Nilimfuata Haji kwake, mtaa wa Al Khoudh. Mkewe ana mimba ya miezi saba, kaja mwezi uliopita tu. Washanunua kitanda cha mtoto. Mkataba ukivunjwa, vibali vyao vya kuishi navyo vinakwisha. Chai yao ilinishinda kumaliza.
Niliporudi nyumbani Mabela, Mama alinisoma usoni. Nikamweleza. "Kampeleke akapigwe chuma, mwanangu. Mie nna miaka sabiini na tatu, nyonga yangu imepona kwa chuma, si kwa hayo mamashine yenu." Kuna mzee nje ya mji, njia ya Rustaq, huwachoma watu kwa chuma cha moto pale panapouma. Nikacheka. Miaka kumi na tano nawakataza vijana upuuzi huo.
Kisha nikamwomba Mama namba ya simu ya huyo mzee.

Ijumaa, 16 Januari
Nimempeleka. Baada ya sala, kwa gari yangu, bila ya kumwambia mtu. Haji hakutaka. Njiani aliniuliza mara moja tu, "Dokta, wewe mwenyewe unakiamini hicho chuma?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa viungo tu, na sikiamini. Nikamwambia ndiyo.
Alama tatu, kila moja kiasi cha kokwa ya tende. Aliing'ata kofia yake. Harufu ingali puani mwangu.

Jumapili, 18 Januari
Kakimbia. Mizunguko sita, bila ya kuchechemea. Kocha kanikumbatia mbele ya wachezaji wote. Najua uchungu wa kuungua huweza kuufunika uchungu mwengine, haya nimeyasomea. Leo nimeamua kuwa mjinga. Mama ananitazama kwa ushindi tangu chakula cha mchana. Nimefurahi, basi.

Jumanne, 20 Januari
Alama ya katikati imefumuka. Usaha. Nimesafisha, nimempa dawa, nimefunika kwa plasta pana. Nimemwambia asivue suruali ndefu mbele ya wenzake. Mwili wake una joto. Naogopa.

Jumatano, 21 Januari
Homa haijashuka. Ilikuwa nimpeleke hospitali. Hospitali wataandika, na kamati itasoma. Sikumpeleka. Kumbe hivi ndivyo nilivyo.

Alkhamisi, 22 Januari
Kacheza dakika sitini na moja. Kafunga bao, tena zuri. Kisha akakaa kitako katikati ya uwanja, anatetemeka. Msuli haukuchanika. Ilikuwa homa.
Plasta ilibanduka kwa jasho, mwenyekiti akaziona alama. Akauliza nani kafanya haya. Haji akajibu, "Nilikwenda mwenyewe." Hakunitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, mkoba wa dawa mkononi. Nikaufungua, nikatafuta plasta nyingine.
Wamemlaza hospitali. Daktari kasema atapona.

Jumamosi, 24 Januari
Kamati imekaa asubuhi. Kocha alimpigania: paja linapona, mpeni mwezi mmoja. Mwenyekiti akasema majeraha angeyavumilia, ila hawezi kumweka mtu ghali namna hii ambaye anakwenda kujichoma kwa akili yake mwenyewe. Hapo ndipo wajumbe walipogeuka. Niliwaona wakigeuka, mmoja mmoja.
Wakaniuliza mimi mtaalamu nasemaje. Nina mke, nina watoto watatu, nina leseni. Nikasema paja linapona. Nikakaa.
Mikono sita ya kumwacha, miwili ya kumbakisha. Beki kasajiliwa kabla ya adhuhuri. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatatu, 26 Januari
Nimekwenda kwa mwenyekiti, ofisini kwake Ruwi. Nimemwambia yote: mzee, chuma, homa niliyoificha, uongo wa Haji wa kunikinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakupandisha sauti. Akasema ningeyasema Jumamosi angembakisha Haji na kunifukuza mimi. Dirisha la usajili lilifungwa jana. Sasa wanatupoteza sote wawili.
Nikaziacha funguo za chumba cha matibabu mezani kwake.

Alkhamisi, 29 Januari
Al Khoudh, kubadilisha bandeji. Kidonda kinakauka vizuri. Ndege yao ni Jumapili.
Nilimwambia Haji kwamba nimeshasema kwa mwenyekiti, na lini. Akatikisa kichwa kidogo, akageukia ukutani ili nifanye kazi yangu. Mkewe hajui kwamba mimi ndiye niliyempeleka kwenye chuma, Haji hakumwambia. Alituletea chai na vitumbua. Akasema tangu mumewe aanguke hakuna mtu wa timu aliyekanyaga pale isipokuwa mimi, na Mungu atanilipa. Nikaitikia amina, nikamaliza kufunga bandeji.