Makokha Hasikii Uchungu

Jumatatu, 4 Machi 1957

Sista amenipa daftari! Mimi, Milcah, miezi saba tu katika uuguzi hapa Nakuru. Alifungua kabati la dawa za maumivu akanieleza moja moja. Mofini – sindano kali, hukaa saa nyingi, lakini ikizidi mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Pethidini – sindano pia, inashika haraka, haikawii kuisha. Kodini – vidonge, mdogo wao. Zote tatu ukizizoea, mwili unazidai. Kazi yangu ni kuuliza kila mgonjwa uchungu umebaki kiasi gani, niandike.

Jumatano, 6 Machi

Makokha, kitanda cha nne. Trekta ilimlalia mguu huko Ndabibi. Juzi mofini – hana uchungu. Jana pethidini – hana uchungu. Leo kodini, vidonge viwili tu – hana uchungu! Nilimkimbilia Sista, nusura nimwangushe. Daftari amempelekea Daktari. Usingizi utatoka wapi?

Alhamisi, 7 Machi

Daktari amelisoma! Kesho jeraha la Makokha litasafishwa akiwa amemeza kodini tu, bila sindano. Kwa sababu ya maandishi yangu!

Jioni. Nimetandika kitanda chake. Pembe ya blanketi imetafunwa, zimebaki nyuzi. Nikamwonyesha. Akanong'ona, "Dada, usiandike. Huyo wa kitanda ya tano tulitahiriwa na yeye mwaka moja. Akirudi nyumbani atasema nini?"

Mjinga mimi. Nimezaliwa Kimilili, nimeona kaka zangu wakisimama mbele ya kisu bila kupepesa macho. Halafu namuuliza mwanaume habari za uchungu mbele ya rika lake, na jibu naliamini! Sijalinganisha dawa yoyote. Nimepima aibu ya Makokha.

Ijumaa, 8 Machi, asubuhi

Naandika katika chumba cha shuka. Nimepata njia! Nimemtoa wa kitanda cha tano nje aote jua, nikauliza upya. Makokha akasema ile sindano ya kwanza ndiyo ilimpa usingizi. Vidonge – hakuna kitu, alihesabu mbao za dari mpaka kukakucha. Nimwambie Daktari? Hapana, akasema, atajisemea mwenyewe.

Troli imefika kitanda cha nne. Namsikia Daktari, sauti ya kusikika wodi nzima: Makokha, unasikia uchungu?

Na magongo yanagonga sakafu. Wa kitanda cha tano anarudi, jua limemchosha.

Makokha bado hajajibu. Naenda.