Kidole cha Mzee Kamaludin

Sikiza, Nasiha: gari la Mzee Kamaludin lilikuwa zima. Zima, wallahi.

Asubuhi mzee kabanwa na kifua, mwanawe Zaki akamtia garini kumkimbiza hospitali. Stata yazunguka, injini haiwaki. Akafungua boneti: plagi zatoa moto, petroli haifiki.

Mzee kauli imemkatika. Akanyoosha kidole cha shahada kuelekea dashibodi. Zaki akadhani ndiyo anaaga, akaacha gari, akamshika mkono, akamsomea shahada. Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha tena. Zaki akazidi kusoma, analia.

Kidole kile kile, Nasiha. Tuktuk ilipopatikana, roho ishatoka.

Baada ya maziko fundi kapapasa chini ya dashibodi, kakuta swichi ya kukata petroli. Mzee aliificha kwa sababu ya wezi, hakumwambia mtu. Kuibonyeza tu, gari likawaka.

Zaki yumo ndani mpaka sasa. Hataki lizimwe.