Laptop Iliyopoteza Diski

Tecla,

Ukirudi, mbuzi wahamishe malisho. Maharage pika mengi, wageni wa jana wanarudi jioni. ~~Laptop usiiguse.~~

Asubuhi imegoma tena, inadai haina diski. Nikaizima, nikaiwasha, ikaiona, nilipoiinua, ikaipoteza. Nimefungua mfuniko wa chini: diski imelegea pale inapochomekwa. Kwa hiyo si filamu zako zilizoiharibu, kama nilivyodai jana. Ni mimi ninayeifunga kwa mpira kwenye keria ya pikipiki kila Jumapili kwenda kigangoni Kasulo, kama gunia la mahindi.

Nimeikaza, inawaka. Orodha ya wabatizwa nihamishie kwenye flashi, wewe unajua kuliko mimi.

Wageni nimewaita mwenyewe. Nilikufokea mbele yao, na radhi nitakuomba mbele yao.

Baba