Mshika Mkanda

Jumanne, 4 Machi

Soko limeanza kuvunjwa leo. Mabuldoza asubuhi, mawe mchana, na mimi na Kobe katikati. Gazetini walimpa jina hilo kwa sababu hakimbii—anayekimbia ndiye anayefukuzwa, anasema. Anatembea kinyumenyume mbele ya vurugu, lenzi fupi, ile inayokulazimisha usogee karibu, kamera jichoni, na mimi nyuma yake, kamera yangu shingoni, nimeshika mkanda wa suruali yake. Nikivuta kushoto, anakwenda kushoto. Miaka yote hii mimi ndiye macho ya kisogoni mwake. Picha yake moja tu, ya askari anayelia nyuma ya ngao, ndiyo iliyonitoa kwenye cherehani. Leo alinusa moshi akaguna kwa raha. Mzee wa hovyo! Nampenda sana.

Jumatano, 5 Machi

Risasi ya mpira. Jicho la kushoto.

Sikuiona—mshika mkanda anatazama nyuma, si mbele. Nilihisi tu mkanda umekuwa mzito. Damu ilinichuruzika mpaka kiwikoni. Nikamburuta. Askari mmoja akanitandika rungu la mgongo huku namburuta. Wa pili akaikanyaga kofia ya Kobe, kisha akarudi kuikanyaga vizuri zaidi. Nilimtemea mate. Sijutii.

Jicho halipo tena. Daktari alilisema hilo mlangoni, kama mtu anayetaja saa.

Alhamisi, 6 Machi

Sina la kuandika. Nawachukia wote.

Ijumaa, 7 Machi

Wodini kumejaa vijana wenye kamera. Wote lenzi fupi! Mmoja ana nyuzi pajani, anazionyesha kama cheo. Wanasema picha za Kobe ndizo zilizowazaa. Nilitaka awatukane, awatimue. Mzee akacheka, akaanza kuwafundisha namna ya kusimama—na dripu iko mkononi!

Na mdogo wangu Pilipili alikuwemo. Huyu alijifunza kwa kukata picha zangu gazetini na kuzibandika juu ya kitanda chake. Akaniambia mbele ya wote: Dada, wakianza tena, utanishika mkanda? Nikamwambia nitakachomshika ni shingo. Wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepigana. Mimi na Pilipili, jikoni, kama wendawazimu. Nilimzaba kofi, akaniuma mkono hadi damu. Nikachukua nyundo, nikaiweka kamera yake sakafuni, nikaipiga. Lenzi ilipopasuka nilisikia raha—naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikaendelea kupiga hata pale ilipokuwa haina tena cha kuvunjika. Hakulia. 

Nimemfanyia hivyo ili asife. Nilimwambia. Akasema: basi ungenifundisha kushona.

Mama aliokota vipande, akavitia kwenye beseni. Akaniuliza, "Na ya kwako utaivunja lini?" Nikaingia chumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Mkono umevimba, siwezi kushika kamera. Mhariri amenikalisha ofisini nichague picha zinazoingia. Sokoni moto umewaka upya.

Mama kapiga simu: Pilipili hayupo, kitanda hakijalaliwa. Simu yake imezimwa. Nimepiga wodini. Nesi anasema mzee wenu katoroka alfajiri, na begi lake la kamera.

Sasa hivi imeingia picha ya mmoja wa wale vijana. Pilipili! Anarudi kinyumenyume, kamera ya Kobe jichoni. Nyuma yake Kobe mwenyewe, bandeji nusu ya uso, kamshika mkanda. Anatazama kulia. Kushoto, upande wa jicho lisilokuwepo, askari kanyanyua rungu kwa mikono miwili.

Mhariri kanipiga bega kwa furaha: ukurasa wa mbele! Namwambia yule ni mdogo wangu. Hasikii. Nampigia kijana aliyepiga picha—hapokei. Nampigia tena. Tulia, anasema mhariri, ametuma na inayofuata.

Inafunguka polepole, toka juu. Naandika ili huu mkono usivunje kioo cha kompyuta. Moshi. Kofia za chuma. Rungu limeshashuka. Kobe kaachama, anapiga kelele, na mkono wake uko hewani, haujashika kitu.

Chini bado hapajafunguka.