Betri Mpya ya Mama Kaswera

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Tumetoa betri ya zamani ya nikeli kwenye haibridi, gari la petroli na umeme, ya Mama Kaswera, mfanyabiashara wa maharage, mteja wetu tangu garage ifunguliwe hapa Katoyi. Tumeweka ya lithiamu — seli nilizozifungua mwenyewe kwenye gari la kuchomeka umeme lililogongwa. Nyepesi ajabu! Taa ya kuonyesha gari liko tayari ikawaka, na patron Adalbert, mwenye garage, akapiga makofi.

Bado kadi ya ulinzi, ile inayochunga joto la kila seli. Iko njiani kutoka Kampala. Nilisema tusubiri. Patron akasema nikeli ilivumilia miaka kumi na tano na kompyuta ileile ya gari, na mama ana haraka. Nikakaza boliti. Kwa mikono yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama Kaswera kaondoka asubuhi kwenda Kalengera, huko Rutshuru, na mjukuu wake. Atarudi keshokutwa na mzigo.

Mchana nimechaji seli zilizobaki kwa chaja yetu ya zamani. Saa tisa, seli moja ikavimba kama andazi. Kuigusa — moto! Nimeisukuma kwa fimbo hadi nje kwenye mawe ya lava, ikatoa moshi mweupe wenye harufu kama rangi ya kucha, karibu nusu saa. Nikeli ikichoka inakufa tu, gari linapoteza nguvu, basi. Hii haifi kimya.

Patron kasema seli moja mbovu si zote, na nifunge mdomo, wateja watakimbia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempigia Mama Kaswera simu mara kumi na moja. Hapatikani.

Na feni! Nimeikumbuka nikinywa chai. Betri inavuta hewa ya kuipoza kupitia tundu ubavuni mwa kiti cha nyuma. Na nani anatoka Rutshuru bila kujaza magunia hadi darini? Kila mara tunakuta maganda ya maharage kwenye zile feni, tunacheka, tunasafisha. Sikumwambia asizibe. Hata neno moja! Naogopa. Naogopa sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Saa nne. Amepokea! Watu wanacheka ndani ya gari. Wako watano, kabeba na abiria njiani.

“Ee Nshobole, gari iko natembea muzuri sana! Ila kunanuka kitu huku nyuma, kama vernis ya kucha.”

“Mama, magunia iko wapi?”

“Si nyuma? Ulitaka niyabebe ku kichwa?”

Nikamwambia asimame. Washuke wote, waende mbali, wasiguse mzigo.

Vicheko vikaisha. Akasema wako katikati ya msitu wa parc, hifadhi ya wanyama, hawajafika Kibumba. Pale hakuna anayesimama, kwa hofu ya watekaji, hata mimi najua. Wiki jana watu watatu walisimama kubadili tairi, gari lilikutwa, wao hapana.

“Mutoto yangu, unajua unaniomba nini?”

Patron alikuwa mbele yangu, ananipungia mkono ninyamaze. Nikasema, “Simama, mama. Ni mimi niliiweka vibaya.”

Breki. Milango. Mjukuu akiuliza kama wamefika. Kisha simu ikakatika.

Saa nne na nusu. Inaita, haipokelewi. Patron amekaa kwenye tairi, hanitazami.

Saa tano kasoro robo. Nimejaribu kusali rozari, nikakwama — sijui niombe nini. Betri isipowaka, basi nimewashusha watu watano msituni bure, mtoto akiwamo. Ikiwaka, moshi utaonekana toka mbali, na kila mwenye bunduki atajua walipo.

Saa tano na robo. Patron kachukua funguo za pikipiki, kasema twende. Nimemwomba asubiri kidogo. Kuna mtu amepokea simu ya mama, sijui ni nani. Nasikia anapumua tu.